Majira ya baridi na uzito wa moyo: jibu kwa msomaji mmoja

Swali: "Ninaishi katika nchi yenye majira marefu ya baridi, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Kila ifikapo Novemba ninageuka mtu mwingine. Ninalala kwa muda wa saa 10 na kuamka nimechoka kana kwamba nilibeba mizigo usiku kucha. Ninakula ovyo, simu za ndugu zangu ninaziacha zilie mpaka zikatike, na kazini ninasoma barua moja mara tatu bila kuielewa. Ninatoka nyumbani kukiwa na giza na kurudi kukiwa na giza. Ifikapo mwisho wa Machi hali hii huondoka yenyewe. Mume wangu anasema ni uvivu na kutoshukuru. Rafiki yangu mmoja ananihimiza ninunue vidonge vya vitamini D, mwingine anasema ninunue taa. Je, mtaalamu, huu ni ugonjwa? Na katika hayo yote nianze na lipi?"

Jibu:

Dada yangu, katika barua yako yote neno lililonisimamisha ni Machi. Umelitaja kwa kupita tu, lakini mimi ninaanzia hapo, kwa sababu hali inayokuja kila mwaka mwezi uleule, na kuondoka yenyewe siku zinaporefuka, hainipi picha ya mtu mvivu. Uvivu haufuati kalenda. Mtu mvivu huwa mvivu mwezi wa Julai kama alivyo mwezi wa Januari, wala hakai akijutia simu ambazo hakuzipokea. Unachokieleza wewe ni mwili na akili vinavyoitikia upungufu wa mwanga, na jambo hilo lina jina, lina maelezo, na lina tiba.

Mwaka 1984 daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal, pamoja na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, walichapisha maelezo ya wagonjwa 29 waliokuwa wakishikwa na sonona (wengine huiita unyogovu) kila majira ya baridi yalipokaribia na kupata nafuu kila majira ya kuchipua. Rosenthal mwenyewe alikulia Afrika Kusini, akahamia Marekani mwaka 1976, na amesimulia hadharani jinsi alivyojikuta akipungukiwa nguvu katika majira yake ya kwanza ya baridi huko New York, kisha nguvu zikamrudia theluji ilipoyeyuka. Ninakutajia habari hiyo makusudi, kwa kuwa wageni wengi katika nchi za baridi hudhani kwamba udhaifu huo ni wao peke yao na kwamba wenyeji hawaujui. Wenyeji pia hupatwa nao. Tofauti ni kwamba wengi wao wameshajifunza kuutambua unapobisha hodi.

Sonona ya majira ina sura yake. Sonona nyingine mara nyingi humnyima mtu usingizi na hamu ya kula, akakonda huku macho yakikesha. Hii ya majira ya baridi kwa kawaida hufanya kinyume: mtu hulala sana na asishibe usingizi, hutamani vyakula vya wanga na vya sukari, huongezeka uzito, huhisi mikono na miguu mizito, na hujitenga na watu kama mnyama anayejifungia pangoni. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza katika ujana au utu uzima wa mapema. Madaktari hawaihesabu kuwa ugonjwa mwingine tofauti na sonona. Tangu mwaka 1987 mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani unaitambua kama sonona inayofuata majira, na kipimo kimojawapo ni kwamba iwe imejirudia angalau miaka 2 mfululizo, ikija na kuondoka kwa majira yaleyale.

Je, wewe unayo? Kwa barua siwezi kukupima, na mtaalamu anayekuambia kwamba anaweza, usimwamini. Watu wengi sana hupungukiwa uchangamfu siku zinapofupika bila kuwa wagonjwa; wanajikongoja, wanalalamika, lakini kazi zao zinakwenda na kicheko hakijawatoka. Mstari unavukwa pale ambapo huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kunadumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, na maisha yanaanza kukwama. Barua inayosomwa mara tatu bila kueleweka, na miaka mitatu ya mtindo uleule, vinanifanya nikushauri umwone daktari mwezi huu na usingoje Machi. Mweleze miezi kwanza, halafu ndipo umweleze dalili. Ukianza na uchovu tu, atakuuliza kuhusu uchovu tu. Mwombe pia akupime damu, kwa maana upungufu wa damu na tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, inayofanya kazi kwa ulegevu huleta usingizi, uzito na moyo mzito unaofanana sana na huu, na itakuwa hasara kuangaza taa miezi mitatu kwa tatizo lililo shingoni.

Sasa niseme kwa nini mwanga una nguvu kiasi hicho. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya fahamu ya macho mawili hukutana, kuna vifungu viwili vidogo vya chembehai ambavyo ndivyo saa kuu ya mwili. Saa hiyo ikiachwa bila mwanga haitembei kwa saa 24 kamili. Kwa wastani huchelewa takriban dakika 10 kila siku. Kinachoirekebisha kila siku ni mwanga, hasa wa asubuhi. Mwanga wa asubuhi ukikosekana, saa ya ndani huteleza nyuma ya saa ya ukutani, na alamu inapolia mwili wako bado unaamini kwamba ni usiku wa manane, homoni ya melatonini bado imejaa kwenye damu, na kila unachofanya unakifanya kama mtu aliyeamshwa kwa makosa. Ile hisia yako ya kubeba mizigo usiku kucha si fumbo. Haya si maelezo yote, kwa kuwa kemikali nyingine za ubongo, serotonini ikiwemo, zina sehemu yake, lakini ndiyo sehemu ambayo unaweza kuigusa kwa mikono yako mwenyewe.

Na habari za mwanga huifikia saa hiyo kupitia macho. Mbali na chembe zinazotuwezesha kuona rangi na maumbo, retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho, ina chembe nyingine chache, zilizotambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo kazi yake kubwa ni kupima tu kama nje kuna mwanga mwingi au mchache. Hizo hazisisimki upesi. Zinataka mwanga mwingi, na zinataka udumu.

Hapa ndipo macho yanapotudanganya. Ukitoka chumbani chenye taa ukaenda nje mchana wa mawingu, utaona kama tofauti ni ndogo, kwa sababu mboni hujifunga na ubongo husawazisha. Kipimo hakisawazishi. Mwanga hupimwa kwa luksi: sebule ya jioni huwa na luksi 50 hadi 200, ofisi yenye taa nzuri 300 hadi 500, ilhali nje, hata adhuhuri ya majira ya baridi chini ya mawingu, mara nyingi hupata luksi elfu moja hadi elfu kadhaa, na siku ya jua kali zinaweza kufika 100,000. Pakua kwenye simu yako programu ya kupima mwanga, ambayo si sahihi sana lakini kwa jambo hili inatosha. Iweke mezani pako pa kazi, elekeza uso wa simu kule unakotazama, andika namba. Kisha toka nje saa sita mchana ufanye vivyo hivyo. Sijapata kuona maelezo ya daktari yanayomgeuza mtu haraka kama hizo namba mbili zilizoandikwa kwa mkono wake kwenye kipande kimoja cha karatasi.

Wengi hulaumu baridi, lakini baridi ni mshiriki tu. Kosa lake kubwa ni kutufungia ndani. Mhusika mkuu ni urefu wa siku. Watu wanaoishi karibu na Ikweta hupata mwanga wa saa 12 hivi kila siku ya mwaka, na mwili uliozoea hivyo haujawahi kuulizwa swali unaloulizwa sasa. Mnamo Desemba 21 mjini London jua hukaa juu kwa muda usiofika saa 8, mjini Oslo halifiki saa 6, na huko Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwe, halichomozi juu ya upeo tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Upande wa kusini wa dunia mambo hugeuka, na siku fupi kuliko zote huwa Juni. Kuna jambo moja dogo ambalo watu hawaambiwi: siku fupi kuliko zote siyo yenye asubuhi ya giza kuliko zote. Mjini London, kwa mfano, jua hutua mapema kabisa karibu na Desemba 12, lakini huendelea kuchelewa kuchomoza mpaka mwisho wa Desemba. Hivyo kama wewe unayetoka alfajiri unaona kwamba mwanzo wa Januari ni mbaya kuliko Desemba, hukosei, na watu wanaokutakia heri kwamba giza limekwisha wanatazama jioni zao, hawatazami asubuhi zako.

Umeniuliza uanze na lipi. Anza na mwanga, na uanze na ule usiolipiwa.

Kwa kuwa unatoka kukiwa na giza na kurudi kukiwa na giza, siku yako ya kazi ina dirisha moja tu la mwanga, nalo ni mapumziko ya mchana. Ninajua ambavyo watu wengi huyatumia: wanakula mezani hapohapo mbele ya kompyuta ili wamalize kazi mapema. Acha hilo kuanzia kesho. Toka nje dakika 30, kichwa kikiwa juu, bila miwani ya jua, utembee kwa mwendo wa mtu anayewahi mahali. Mawingu yasikurudishe, umeona namba. Kama kazi yako inaruhusu kuchelewa kuingia japo siku mbili kwa wiki, omba ruhusa hiyo na uitumie kutembea jua likiwa limeshachomoza. Na meza yako isogeze karibu na dirisha kadiri inavyowezekana, kwa maana hatua mbili au tatu kutoka dirishani hupunguza sana mwanga unaokufikia. Matembezi hayo yana faida ya pili, kwani mazoezi ya mwili yenyewe yana athari nzuri dhidi ya sonona, lakini sitaki uyachukulie kuwa mazoezi. Ukiyaita mazoezi utaanza kutafuta viatu maalumu.

Matembezi yasipotosha, na kwa ratiba yako nina shaka kama yatatosha peke yake, rafiki yako aliyekushauri taa amekushauri vizuri. Tiba ya mwanga ni tiba halisi iliyofanyiwa utafiti kwa zaidi ya miaka 40. Taa inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, inayotoa luksi 10,000 kwa umbali uliotajwa na mtengenezaji na inayochuja miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho na inayoweza kuunguza ngozi. Hutumika dakika 30 kila asubuhi, mapema iwezekanavyo baada ya kuamka. Taa dhaifu ya luksi 2,500 nayo hufanya kazi, ila huhitaji takriban saa 2, na sijui ni mfanyakazi gani mwenye saa 2 za bure alfajiri. Vitanda vya kubadilisha rangi ya ngozi si taa hii. Vile hutoa urujuanimno na hudhuru ngozi na macho.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni la umbali. Mgonjwa wangu mmoja alinijia akilalamika kwamba taa haimsaidii chochote. Nilipomuuliza ameiweka wapi, akajibu: juu ya kabati la nguo, upande wa pili wa chumba, ili iangaze chumba kizima. Ukikaa mbali maradufu, mwanga unaofika machoni unaweza kupungua hadi karibu robo yake, na kutoka kwenye kabati lile alikuwa akipata mwanga wa sebule ya kawaida kwa bei ya taa ya tiba. Iweke mezani, umbali usiozidi urefu wa mkono wako kama maelekezo yake hayasemi vingine, pembeni kidogo na juu kidogo ya usawa wa macho. Usiikodolee. Soma, andika, kunywa kitu cha moto, chana nywele, ilimradi macho yawe wazi na uso uelekee upande wake. Ukiinamia simu iliyo mapajani kwa dakika zote 30, kope zako zimefunga dirisha.

Tarajia mabadiliko ndani ya wiki 1 au 2. Wengi husema kwamba cha kwanza kurudi huwa ni wepesi wa kuamka, furaha hufuata baadaye, kwa hiyo usikate tamaa ukiona umeamka vizuri lakini bado huna hamu ya kucheka. Usiiache siku unapojisikia vizuri. Endelea mpaka majira ya kuchipua, kwani ukiiacha katikati hali hurudi baada ya siku chache. Kichwa kikiuma au macho yakichoka, punguza muda au isogeze nyuma kidogo. Usiitumie jioni, maana itakukosesha usingizi.

Yapo mazingira ambamo taa hiyo haianzwi bila daktari. Mwenye ugonjwa wa retina, au kisukari kilichogusa macho, au anayetumia dawa zinazoongeza wepesi wa kudhurika na mwanga, zikiwemo baadhi ya antibiotiki, aulize kwanza. Na zaidi ya wote mtu ambaye amewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, akawa halali, anaongea bila kikomo na kutumia fedha ovyo, kwa sababu huenda ana baipola, ugonjwa unaomrusha mtu kati ya sonona na uchangamfu huo, na mwanga mkali unaweza kumrusha upande huo wa pili. Tahadhari hii si ya pembeni: wengi wa wale wagonjwa 29 wa mwaka 1984 walikuwa na baipola ya aina moja au nyingine. Kama umewahi kuwa hivyo, hata mara moja, hata kwa wiki moja tu, mwambie daktari.

Kuhusu vitamini D, rafiki yako ana haki kuhusu kidonge, lakini amekosea sababu. Ngozi hutengeneza vitamini hiyo kwa miale ya urujuanimno, na katika nchi za kaskazini miale hiyo huwa hafifu mno kwa miezi kadhaa ya baridi. Kioo cha dirisha nacho huizuia, na taa ya tiba haitoi. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kutengeneza kiasi kilekile. Ndiyo maana mamlaka za afya za Uingereza huwashauri watu wafikirie kutumia mikrogramu 10 kwa siku katika miezi ya baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Itumie basi, kwa ajili ya mifupa na misuli yako. Usiitegemee iondoe huzuni. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2020, uliofuatilia zaidi ya watu wazima 18,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea kwa takriban miaka 5, haukuona tofauti ya kupatwa na sonona kati ya waliopewa vitamini hiyo na waliopewa kidonge kitupu.

Usingizi ni sehemu ngumu, kwa kuwa ninakuomba ulale kidogo kuliko mwili unavyodai. Chagua saa moja ya kuamka na uishike siku zote saba, pamoja na siku za mapumziko. Mtu anayeamka saa 12 asubuhi siku tano na saa 4 asubuhi siku mbili anaichanganya saa yake ya ndani kana kwamba husafiri kwa ndege kila Ijumaa na kurudi kila Jumatatu. Ukilazimika kulala mchana, usizidishe dakika 30 na isiwe baada ya saa 9 alasiri. Jioni punguza taa za nyumbani saa moja au mbili kabla ya kulala, ili mwili upate tofauti ya wazi kati ya mchana na usiku, tofauti ambayo dunia iliyo nje ya dirisha lako kwa sasa haikupi. Kuna pia taa zinazoigiza mapambazuko, ambazo huongeza mwanga polepole kitandani kabla ya alamu kulia. Si mbadala wa taa kubwa, lakini kwa baadhi ya watu hufanya dakika ya kwanza ya siku iwe ya kibinadamu zaidi.

Sasa jambo ambalo barua yako haikuuliza lakini imelibeba: simu zinazolia mpaka zikatike. Sonona hufanya kazi kwa mzunguko. Hamu inapotoweka unaacha kufanya yale yaliyokuwa yakikupa hamu, na kwa kuyaacha, hamu inazidi kutoweka. Ukingoja kwanza upate hamu ndipo utoke, utangoja mpaka Machi. Tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na tabia huukata mzunguko huo kwa kuanza na tendo, na mwaka 2016 mtafiti Kelly Rohan wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, pamoja na wenzake, walionyesha thamani yake kwa watu 177 wenye sonona ya majira ya baridi. Nusu walipewa taa, nusu tiba hiyo ya mazungumzo kwa wiki 6. Msimu uleule wa matibabu makundi hayo yalikwenda sambamba. Lakini majira ya pili ya baridi yaliyofuata, waliorudiwa na sonona walikuwa asilimia 45.6 kwa waliotumia taa, na asilimia 27.3 kwa waliopata mazungumzo. Taa husaidia siku unazoiwasha. Ulichojifunza hubaki nawe. Kama unaweza kumpata mwanasaikolojia anayefanya tiba hiyo, ningependa upate vyote viwili.

Ukiwa unamtafuta, anza hivi. Usijaribu kurudi kupokea simu zote. Chagua ndugu mmoja, yule ambaye ukinyamaza hakuulizi kwa nini umenyamaza. Mwandikie kwamba utampigia kila Jumamosi saa fulani kwa dakika 10, na umweleze waziwazi kwamba majira haya hukulemea na huenda ukawa na maneno machache. Jumamosi ikifika piga, hata kama huna la kusema. Bandu bandu huisha gogo. Halafu jiangalie unavyozungumza nafsini mwako. Sentensi kama "siwezi kufanya lolote mpaka jua lirudi" inaonekana kama taarifa ya hali ya hewa, kumbe ni hukumu, na inaweza kuandikwa upya: "ninafanya machache kuliko Julai, na nitafanya haya mawili leo." Sikuombi uipende baridi. Ni kweli kwamba mtafiti Kari Leibowitz, akiwa na mwenzake wa Norwe, alikuta kwamba watu waliouona msimu huo kuwa na mema yake walikuwa pia na ridhaa kubwa zaidi ya maisha, na kwamba mtazamo huo ulikuwa na nguvu zaidi kaskazini, huko ambako giza ni kubwa zaidi. Hata hivyo uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mtazamo ndio ulioleta ridhaa, na aliyezama katika sonona hapaswi kuambiwa abadili mtazamo kama anayebadili koti.

Kuhusu kula sitakuchosha: tamaa ya wanga ni dalili, kwa hiyo usijichape kwa ajili yake, kula kwa saa zinazojulikana na tamaa itapungua hali itakapopungua. Pombe, kama hutumiwa nyumbani kwenu, humpatia mtu usingizi wa haraka na kisha kuuvunja usiku wa manane, na huongeza huzuni ya kesho yake.

Dawa za sonona zina nafasi yake. Utafiti uliochapishwa Kanada mwaka 2006 uliwalinganisha wagonjwa 96 kwa wiki 8, wengine wakitumia taa ya luksi 10,000 na wengine dawa ya fluoksetini, na kila upande asilimia 67 walipata nafuu. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha dawa ya bupropioni kwa ajili ya kuzuia sonona ya majira, ikianzwa mapema kabla ya giza kuingia. Daktari akikushauri dawa, usione kwamba umeshindwa. Na ukishaianza usiiache ghafla kwa uamuzi wako kwa sababu jua limetoka.

Hujaniandikia kwamba unafikiria kufa, lakini nisipolisema nitakuwa nimefanya kazi nusu. Ikitokea ukajiwa na mawazo ya kujidhuru, au ukaona kwamba watu wako wangepumzika usingekuwepo, hilo halisubiri taa wala miadi ya wiki ijayo. Mwambie mtu aliye karibu usiku huohuo, piga namba ya dharura ya nchi unayoishi au nenda hospitali, na usibaki peke yako. Na usijione umevuka salama kwa sababu tu Machi imefika, maana katika nchi nyingi za baridi vifo vya kujiua huongezeka zaidi wakati wa kuchipua kuliko katikati ya giza. Moyo unaweza kuchelewa nyuma ya nguvu za mwili.

Limebaki la mume wako. Usibishane naye kuhusu neno uvivu, kwani mabishano yanahitaji nguvu ambazo huna. Mpe ile karatasi yenye namba mbili za luksi, halafu mwombe jambo moja tu linaloonekana: awe yeye wa kuwasha taa ya mezani kila asubuhi alamu inapolia, na akae hapo nawe dakika 30, japo kwa kimya. Nimeona waume na wake wakibadilisha maneno yao wiki ya pili, baada ya kumwona mtu akiamka bila kuvutwa.

Mwaka ujao usingoje Novemba ikukute. Tayari umeshaijua tarehe yake, na hiyo ndiyo faida pekee ya ugonjwa unaofuata kalenda. Kama taa utakuwa umeiweka kabatini wakati wa kiangazi, itoe wiki ya mwisho ya Septemba, ifute vumbi, uiweke mezani mahali pake, na uanze kuiwasha hata kama asubuhi hiyo bado unajisikia mzima.